Mchwa Ndio Wasomao

Malumbano ya arudhi yamerudi tena, na safari hii yamerudi na ndimi kali. Upande mmoja unashikilia kwamba utungo usio na vina wala mizani ni insha iliyokatwakatwa. Upande wa pili unajibu kwamba vina na mizani ni pingu ambazo mshairi wa leo amerithishwa na marehemu, na marehemu wamekwenda na funguo. Kwangu si mageni. Nilikuwa bado mwanafunzi Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na baadaye nikawasikia walimu wangu wakigombana juu ya kitabu kile kwa sauti zilizofika hadi uwanja wa mpira. Wengi wao sasa wako mbele ya haki. Hoja zao zimebaki, na tunazipasha moto kila msimu kama kiporo.

Sikutoka barazani leo ili nichague upande. Nimetoka kwa sababu pande zote mbili huapa kwa jina la wazee. Mtetezi wa arudhi husema, "Ndivyo walivyotunga wazee." Mpinzani wake husema, "Wazee wenyewe walikuwa huru kuliko mnavyodhani." Nauliza wote: mmewaona wapi hao wazee? Mmesoma maandishi yao, au mmesoma kitabu kilichochapwa na mtu aliyesoma maandishi yao?

Dai langu ni hili, nami silipaki asali. Sisi washairi wa Kiswahili, wa arudhi na wa mashairi huru, wa Mwambao na wa bara, tulio wengi hatujui kusoma hati za washairi tunaowatukuza. Tukiwekewa ukurasa mmoja wa utendi wa kale tutaushika juu chini. Mtu asiyeweza kusoma wasia wa babu yake hana budi kunyamaza wengine wanapogawana mirathi, lakini sisi ndio tunaopiga kelele kuliko wote.

Twende kwenye ukurasa wenyewe, maana wengi wanaoutaja hawajauona. Ni karatasi nene kiasi, imegeuka rangi ya chai, kingo zake zimeliwa. Wino ni mweusi; pengine vichwa na vialama vimetiwa wekundu. Maandishi yanakwenda kutoka kulia kwenda kushoto kwa herufi za Kiarabu, na lugha ni Kiswahili. Chini kabisa, pembeni, limeandikwa neno moja peke yake, kama mtoto aliyeachwa nje ya mlango. Neno hilo ni mwanzo wa ukurasa unaofuata. Mnakili aliliweka pale ili kurasa zikitawanyika mtu aweze kuzipanga upya. Alijua kwamba siku moja uzi ungekatika.

Sasa tazama beti. Mwalimu wa Kiswahili, nami nikiwamo kwa miaka mingi, amewakaririsha wanafunzi kwamba ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mshororo mizani nane, nao hupangwa mmoja chini ya mwingine. Katika hati nyingi hauko hivyo. Vipande vyote vinne vimelala katika mstari mmoja, vimetenganishwa kwa vialama, na kina cha bahari kiko mwishoni mwa mstari ambako jicho hukiona kikishuka ukurasa mzima kama nguzo. Nitatoa mfano kwa ubeti wangu mwenyewe, nisimsingizie marehemu:

Karatasi ya zamani * imelala sandukuni * haina wa kuighani * mchwa ndio wasomao

Hivyo ndivyo mzee wa Pate angeuona ubeti: mstari mmoja wenye pumzi nne. Kuukata ukawa ngazi ya mistari minne ni kazi ya wahariri na wachapaji waliokuja baadaye, waliokuwa na ukurasa mwembamba wa kitabu na mazoea ya ushairi wa Ulaya. Sisemi walikosea. Nasema kwamba ugomvi wetu juu ya "umbo la asili" la utenzi, ambao umetutoa jasho na kutuvunjia urafiki, mara nyingi ni ugomvi juu ya uamuzi wa mpiga chapa. Na huyu bwana mashairi huru anayejivunia kwamba yeye ndiye aliyegundua kuwa umbo la ukurasa ni sehemu ya maana, angewahi kuona jinsi Muhamadi Kijuma wa Lamu alivyopanga na kupamba kurasa zake angejivuna kidogo tu.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa ndipo ninapowaomba watetezi wa pande zote mbili wasogeze viti. Herufi za Kiarabu hazikukatwa kwa kipimo cha Kiswahili. Alama za irabu ni tatu, nasi tuna irabu tano. Kwa hiyo kasra hubeba *i* na *e*, na dhamma hubeba *u* na *o*. Herufi *be* ilibebeshwa *b*, ikabebeshwa *p*, na mara nyingi ikabeba *mb* bila ile *m* kuandikwa. Huko Mombasa walikuwapo walioongeza nukta na alama ili kupunguza tatizo hili, lakini hati nyingi za zamani hazina msaada huo. Basi andika *be* yenye kasra na *lamu* yenye kasra. Umeandika nini? Umeandika mbele. Umeandika mbili pia. Umeandika pili. Na kama siku yako ni mbaya, umeandika pele.

Msomaji wa kale alijuaje kwamba mtunzi hakukusudia kumwombea Mtume pele? Maana ya sentensi ilimsaidia, bila shaka. Lakini msaada wa pili ulitoka kwa kina na mizani. Vipande vilivyotangulia vikiwa vimeishia kwa neno ambalo halina utata, kama *kweli* au *akili*, basi kile chenye utata nacho ni *-li*, na *mbele* na *pele* zinaondoka zenyewe. Mizani zikipungua katika kipande, msomaji alijua ameruka silabi na akarudi kuitafuta. Kina kilikuwa pambo la sikio, hapana shaka, lakini kilikuwa pia taa ya msomaji katika maandishi yenye giza.

Hilo, kwa maoni yangu, linawavuruga wote wawili. Mwenye kuita vina pingu hajui kwamba bila vina hivyo asingeweza hata kusoma anachokipinga. Na mwenye kuvitetea kama amri isiyohojiwa hajui kwamba sehemu ya kazi yake ilitokana na hati ambayo sisi tumeiacha. Kwa herufi za Kirumi kina hakina tena kazi ile ya taa, kwa hiyo lazima atutolee sababu nyingine ya kukishika. Huenda anayo. Ningependa kuisikia. Lakini "wazee walifanya" haitoshi, maana wazee walikuwa na haja ambayo yeye hana.

Nani basi waliotuachia kurasa hizi, na kwa nini karibu zote ni za dini? Pwani yetu huila karatasi: joto, chumvi, unyevu, mchwa. Jiwe hustahimili, ndiyo maana maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, tunayo hadi leo, wakati vitabu vya watu waliosali mle havipo. Kurasa za Kiswahili zilizotufikia zinaanzia hasa karne ya 18. Barua za Kilwa za mwaka 1711 ziliokoka kwa sababu zilikwenda Goa kwa Wareno. *Utendi wa Tambuka* wa Bwana Mwengo una nakala yenye tarehe ya 1141 Hijria, sawa na 1728. Nayo imehifadhiwa Hamburg. Lakini yaliyomo ndani ya kurasa mara nyingi ni ya kale kuliko karatasi. *Hamziya* iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi bin Athumani ni kasida ya Al-Busiri, mtu wa Misri wa karne ya 13, na zipo hati ambamo Kiarabu chake kimeandikwa na Kiswahili kikapita chini yake mstari kwa mstari, kama wazee wawili wanaotembea pamoja, mmoja akimkalimania mwenzake.

Ziliokoka kwa sababu zilikuwa za dini, basi. Ukurasa wenye jina la Mungu hautupwi jalalani. Ukichakaa hufukiwa, au hutoswa majini, au hufungwa kwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati msikitini. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na wanakili wa misahafu katika karne ya 18 na ya 19, na kazi yao inashangaza kwa uzuri hata kwa asiyejua herufi moja. Nyimbo za ngoma, mashairi ya kejeli, barua za mapenzi za watu wale wale hazikuwa na mlinzi kama huyo. Tunawadhania wazee wetu kuwa walikuwa watu wa mawaidha asubuhi na jioni kwa sababu mawaidha ndiyo yaliyopewa kitambaa.

Najua jibu mnalonitayarishia: "Mwalimu, kurasa zenyewe ziliibwa na Wazungu, ziko London na Ujerumani." Jibu hili nimelisikia katika kila kongamano, na hupigiwa makofi. Ni kweli kwamba Krapf alipeleka miswada Ujerumani katika miaka ya 1850, na kwamba makusanyo ya Taylor na Hichens yako London, katika maktaba ya SOAS. Ni kweli pia kwamba nyingi za kurasa hizo hazikuibwa. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimkusanyia na kumwandikia Taylor tungo za Muyaka na za wengine. Kijuma aliwanakilia Hichens, Alice Werner na Dammann kwa malipo, na aliandika kwa mkono wa fundi anayejua thamani yake. Kama si mabwana hawa wawili, Sikujua na Kijuma, tungekuwa tunabishana leo juu ya nini?

Zaidi ya hayo, jibu hilo linasahau Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka Mwambao akikusanya hati na kanda za sauti kwa ajili ya chuo chetu kikuu, na orodha yake ya hati za Kiswahili na Kiarabu ilichapwa Leiden mwaka 1970. Mkusanyiko huo haukuibwa na mtu. Uko nchini mwetu, umbali wa safari ya basi. Malenga mwenzangu unayelia juu ya London, umeenda lini Mlimani kuuomba?

"Basi," mnasema, "sasa zimepigwa picha." Ni kweli, na ni neema. Miswada ya Msikiti Riyadha wa Lamu ilipigwa picha na kuwekwa mtandaoni chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na SOAS nao wameweka picha za hati zao. Mimi niliye hapa Bariadi, mbali na bahari, nimefungua ukurasa wa Lamu kwenye simu ya mjukuu wangu nikiwa chini ya mwembe. Lakini picha haisomi. Tumehamisha sanduku lililofungwa kutoka chumba cha giza hadi chumba chenye taa, na ufunguo bado hatuna.

Nitachepuka kidogo. Huko Marekani, mjini Cleveland, alikuwako mtu aitwaye Otto Ege, aliyefariki mwaka 1951. Alinunua vitabu vya sala vya Ulaya vya zama za kati, vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, akavikata, akauza kurasa moja moja. Hamsini kati ya hizo ziliwekwa katika kasha moja, na makasha ya namna hiyo yakatengenezwa arobaini. Alijitetea kwamba anawapa watu wa kawaida nafasi ya kumiliki kipande cha uzuri. Leo wasomi wa huko wanahangaika kuunganisha kurasa zake kwa picha, ukurasa wa jimbo hili na wa jimbo lile. Wanaweza, kwa sababu wanajua kuusoma: wakiona sala imekatika katikati wanajua neno linalofuata. Sisi hatukumhitaji Ege. Mtu akikuta kurasa tatu zilizolegea katika nyumba ya marehemu babu yake, asijue kama ni msahafu, utendi au hesabu za deni la karafuu, atazitawanya bila kisu.

Jibu la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu huambiwa mimi binafsi. "Wewe Msukuma, tena Mkristo. Hayo ni mambo ya Waislamu wa Pwani." Nimeambiwa hivi na watu wa Pwani kwa upole, na nimeambiwa na watu wa kwetu kwa kicheko. Nawajibu pamoja. Wasukuma na Wanyamwezi walibeba mizigo hadi Mwambao na wakarudi na Kiswahili midomoni kabla ya mzungu yeyote kufungua shule hapa Usukumani. Mkikubali kwamba lugha ni yangu nitakapolipa kodi, nitakapoapa mahakamani na nitakaposahihisha madaftari elfu ya wanafunzi, mtanyimaje mkono wangu kurasa zake? Mwingereza asiye na dini hasiti kusoma kitabu cha sala cha karne ya 15 ili ajue Kiingereza kilikotoka. Hakuna anayemuuliza kama ametubu.

Mimi nilijifunza baada ya kustaafu. Nilimwendea ustadhi wa madrasa iliyo karibu na soko, mtu mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Aliniuliza, "Mwalimu, unataka kusilimu au unataka kusoma?" Nikamwambia, "Nataka kusoma, Ustadhi." Akasema, "Basi njoo baada ya alasiri, ukae nyuma, watoto wasikucheke." Walinicheka hata hivyo. Katika miezi miwili nilizijua herufi. Kabla ya mwaka kwisha niliweza kusoma utendi wenye irabu kwa mwendo wa kobe, kidole juu ya mstari. Si elimu ya ajabu. Ni kazi ya subira, ndogo kuliko ile tunayompa mtoto wa kidato cha kwanza anapotakiwa kujua Kiingereza.

Sasa linganisheni. Mwaka 1892 Wajerumani, waliokuwa ndio kwanza wanalikalia koloni, walichapa kitabu cha C. G. Büttner cha kuwafundisha watu wao kusoma barua na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na nakala ya herufi za Kirumi pembeni. Walitaka kututawala, wakaona hawawezi bila kujua kusoma tulichoandika. Sisi tunaotaka kujitawala katika fasihi yetu tumeona tunaweza. Katika vyuo vya ualimu nilivyofundisha sikuwahi kukuta kipindi hata kimoja cha kusoma hati hizi. Tulifundisha "historia ya ushairi" kwa kutaja majina na tarehe. Mwanachuo alitoka akijua kwamba Mwana Kupona alitunga mwaka 1858, asijue kwamba akionyeshwa utendi huo kwa hati yake hataweza kusoma hata jina la bibi yule.

Chuo kimojawapo, ambacho sitakitaja, kilisafisha maktaba yake baada ya paa kuvuja. Marundo ya majarida ya zamani ya Kiswahili, kati yake matoleo yenye picha za hati, yaliuzwa kwa kilo. Nilifika nikiwa nimechelewa. Niliokoa mawili kwa mama muuza karanga, aliyenidai bei ya karatasi na bei ya karanga zilizokwisha kufungwa humo. Nililipa zote. Yeye hakuwa na kosa lolote. Wenye kosa walikuwa na shahada, na mmoja wao alikuwa mjumbe wa kamati ya taaluma pamoja nami, akinyamaza kama mimi nilivyonyamaza.

Kwa hiyo sitaki kamati nyingine, wala tamko. Nataka mambo ambayo yanaweza kuanza muhula ujao. Chuo cha ualimu chenye mchepuo wa Kiswahili kitenge saa moja kwa wiki. Ustadhi wa mtaa alipwe posho kama anavyolipwa mkufunzi wa muda. Picha za kurasa zichapwe kwa mashine ya kawaida, wala hazihitaji kioo cha makumbusho. Mhariri anayetoa utenzi wa kale aweke picha ya walau ukurasa mmoja wa hati, na aseme wazi ni wapi alisoma *mbele* na wapi angeweza kusoma *mbili*. Na vyama vyetu vya washairi, vinavyotoa vyeti vya umalenga kwa wingi wa kutisha, viweke sharti dogo: anayetaka kuitwa malenga asome ubeti mmoja wa hati mbele ya wenzake.

Nikiitwa mkorofi nitaitika. Lakini anayetaka kunijibu asiniandikie aya kumi za herufi za Kirumi. Aniletee ubeti mmoja wa utenzi, alioutunga mwenyewe, ameuandika kwa kalamu yake kwa herufi za Kiarabu katika mstari mmoja, vialama mahali pake. Ruksa kunitukana humo, mradi kina kinisaidie kulijua tusi. Nitausoma kwa sauti barazani, Ustadhi akiwa shahidi, na jibu nitalituma kwa hati hiyo hiyo. Atakayeshindwa kulisoma, madrasa ya karibu naye hufunguliwa baada ya alasiri.